Nilimtoa Chifu Shingo

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Nilichinja jogoo wa mzee aliyenifundisha kazi, nikamla, halafu nikazunguka mji nikibandika mabango ya kumtafuta! Jina langu sitoi. Thika ni ndogo.

Huyo mzee tunamwita Guka, ingawa si babu yangu. Mimi ni mtu wa Kakamega na yeye ni Mkikuyu wa hapa hapa. Kiwanda kiliponiachisha kazi, yeye ndiye aliyenichukua dukani kwake. Duka lenyewe ni la nzi. Si nzi wa chooni, jamani! Ni nzi bandia: unafunga manyoya ya kuku kwa uzi kwenye ndoana ndogo, na trauti, yule samaki wa mito baridi ya juu msituni, anadhani ni mdudu na kumeza.

Nje Guka aliandika NZI WANAPATIKANA HAPA. Kila wiki mtu aliingia kuuliza dawa ya kuwaua. Afisa wa afya alikuja na daftari lake kutufungia. Guka alimfungulia kisanduku kimoja tu, na yule afisa akaondoka amenunua nzi sita, na maskini hajawahi kuvua hata omena.

Nililipenda lile duka! Lilinuka gundi na chai ya tangawizi. Wavuvi wazee walikuja asubuhi kudanganyana kuhusu ukubwa wa samaki waliowaponyoka. Guka alikaa dirishani akinifundisha bila kuinua macho: "Usivute uzi ni kama unafunga ng'ombe. Wacha nyoya ipumue." Mwaka wa kwanza nzi wangu walifanana na mswaki uliokanyagwa na lori. Hakunicheka. Aliwafumua mmoja mmoja na kuniambia nianze tena.

Sasa, huyo jogoo. Aliitwa Chifu, kwa vile alivyotembea akiringa kama mtu aliyeitisha baraza. Manyoya ya shingo yake yalikuwa ya kijivu cha moshi, na Guka alihangaika na vizazi na vizazi vya kuku kuipata rangi hiyo. Vifaranga wote wa Chifu walitoka wekundu kama matofali. Alikuwa peke yake duniani.

Tulikuwa na neno letu pale dukani: "kutoa shingo." Maana yake ni kumshika Chifu kwa upole, kung'oa manyoya matatu manne ya shingoni ya kumuuzia mgeni, yaani mteja mkubwa, na kumwachia aende akilalamika. Hivyo tu!

Basi Guka akaenda kijijini Theta kwa msichana wake wa kumzaa, apasuliwe jicho. Chifu nikabaki naye nyumbani kwangu, mtaa wa Landless. Guka akaniambia, "Mgeni wa maana akikuja, toa Chifu shingo. Na nikirudi nakufundisha ile nzi ya kijivu, kabla macho iniache kabisa." Kumfunga nzi huyo Guka alifundishwa na mzee wake, aliyekwisha kufa. Hakuna mwingine aliyemjua. Miaka sita nilikuwa nikimngoja!

Wiki hiyo hiyo mjomba wa mke wangu akapiga simu kutoka Kakamega kwamba anakuja. Ndiye aliyesimamia mahari. Kwetu mgeni kama huyo huwezi kumwekea kuku wa gredi mezani, labda kama hutaki ndoa. Anataka jogoo wa kienyeji. Nikaagiza mmoja kutoka Gatuanyaga. Alifika juu ya pikipiki, na njiani alikuwa ametaga yai!

Mjomba naye alikuwa tayari sebuleni. Akamsikia Chifu akiwika nyuma ya nyumba, akatabasamu. "Mkwe," akasema, "huyo anaongea vizuri."

Nikasimama pale na kisu. Nikajiambia: Guka mwenyewe alisema mgeni wa maana akija, nimtoe Chifu shingo. Mgeni si huyu? Shingo si hii?

Nilijua! Nilijua vizuri sana maana ya yale maneno! Lakini nilimtoa Chifu shingo, yote.

Na msidhani mjomba alishukuru. Alitafuna firigisi kwa muda mrefu, akasema, "Huyu jogoo alikuwa na msimamo."

Guka aliporudi na bandeji kwenye jicho, nilimwambia Chifu ameibwa. Aliketi juu ya kreti ya soda. Halafu akaitisha karatasi. Alichora kwa jicho moja, kwa hiyo kilemba cha jogoo kikatokea kama kofia. Chini akaandika: CHIFU AMEPOTEA. ANA SHINGO YA KIJIVU. ANATEMBEA AKIRINGA. Akaweka namba ya simu na kunipa gundi. Mimi! Nilibandika kwenye nguzo zote, tangu Landless hadi Ruiru.

Kanisani waliomba mwizi alegee magoti. Yangu yalilegea palepale kwenye benchi. Mzee mmoja wa kanisa alinipongeza kwa kuguswa na Roho.

Siku ya tatu mama mmoja akapiga kutoka Ruiru. "Chifu wenu nimemwona. Anazunguka hapa soko, anaringa sana. Kujeni haraka."

Guka alivaa koti la harusi. Tulipofika, yule mama, bango letu mkononi, alitupeleka mbio hadi kwenye plot moja ya nyumba za kupanga, akafungua mlango. Ndani alikaa mzee wa watu, chifu mstaafu, anakunywa uji.

"Huyu hapa!" mama akasema.

"Nimepotea aje na niko kwa msichana wangu?" mzee akafoka. "Nani amenichora na kofia mbaya hivi?"

Guka aliomba radhi kwa heshima zote. Kisha akasogea, akainama na jicho lake moja, akaichunguza shingo ya yule mzee, yenye mvi za ndevu. "Lakini ni rangi mzuri," akasema kwa huzuni.

Nilicheka. Mungu nisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Na kicheko kikageuka kilio, nikasema yote palepale, mbele ya Guka, mama na chifu mstaafu.

Guka hakupiga kelele. Aliuliza swali moja. "Manyoya iko wapi?"

Manyoya! Mke wangu aliyamwagia maji moto, akayatupa kwenye jiko, yakaungua yote.

"Ngai," Guka akamwita Mungu kwa lugha yake. "Nyama si ningekupea tu? Mimi na hii meno nilikuwa nimkule na nini? Ungeniwekea shingo."

"Nifundishe na nyoya lingine, Guka."

"Nyoya ingine haikunji vile. Mkono yangu inajua hiyo pekee."

Tukaondoka kurudi Thika. Chifu mstaafu alitupungia mkono getini, uji mkononi, akituonea huruma.

Jicho la pili la Guka lilizimika, na hata lile lililopasuliwa halikupona sawasawa. Siku hizi anakaa Theta. Duka ameniachia mimi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nikimpelekea nzi Jumapili anawapapasa na kusema, "Hii iko sawa." Anasema alinisamehe zamani, nami namwamini. Wavuvi wazee bado wanakuja kumuulizia yule wa kijivu. Nawaambia hayuko. Hawajui kwamba hatakuwako tena.

Jamani, mtu akikuachia kitu chake na maneno yake, usianze kuyavuta maneno uone yatafika wapi. Ukijisikia unasema "lakini si mwenyewe alisema," weka kisu chini umpigie simu. Guka alikuwa na simu! Alikuwa hapo Theta tu. Angenikataza, mjomba angekula sukuma wiki na kununa, na leo hii ningejua kumfunga yule nzi.