Mkaanga chipsi aliyekataa mkewe abebeshwe lawama

Saa sita mchana, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Karai limechemka na wateja wamejaa. Ridhiwani Nandonde amesimama hatua nzima nyuma ya jiko, akigeuza chipsi kwa kijiko cha matundu alichokifungia mpini wa fagio.

“Kaka, unaogopa moto?” anamtania mteja.

“Siogopi. Nalinda mbegu zangu,” anajibu, wala hapunguzi sauti.

Ridhiwani, 36, mzaliwa wa Lindi, ana miaka sita ya ndoa bila mtoto. Miaka yote hiyo mkewe Hajira ndiye aliyenyweshwa mizizi, akakandwa tumbo, akaitwa mgumba. Yeye hakupimwa hata siku moja.

“Nilikuwa mjinga,” anasema. “Nilidhani mwanamume akiwa na nguvu chumbani, basi mbegu zipo.”

Machi mwaka huu shangazi yake, Bi Sitara, alifika nyumbani kwao Magomeni na habari za mchumba mwingine. Hajira alimtengea chai, kisha akasema ataondoka mwenyewe, asifukuzwe. Ridhiwani aliona aibu. Kesho yake akaenda kupima.

Majibu yalikuwa mbegu milioni nne kwa mililita, wakati kiwango cha chini cha kawaida ni kama milioni kumi na tano.

Theopista, mtaalamu wa maabara aliyempima, alimchorea. Mbegu huzaliwa ndani ya korodani, kwenye vifereji vyembamba kama uzi vilivyojikunja. Chembe changa hugawanyika, huota mkia, kisha husogea kwenye mrija wa nyuma kukomaa na kujifunza kuogelea. Safari yote huchukua karibu miezi mitatu, na hutaka joto la chini kidogo kuliko la mwili. Ndiyo maana korodani huning'inia nje.

Ridhiwani alikuwa amebana kiuno kwenye jiko la mkaa saa kumi kwa siku, kwa miaka kumi na moja.

“Sikuapii kwamba ni moto peke yake,” Theopista alimwambia. “Lakini anzia hapo.”

Alianzia kwa shangazi. Alimwamkia, akaweka cheti juu ya mkeka. “Shangazi, tatizo ni langu. Hajira haendi popote.”

“Mwanangu, mambo ya ndani hayasemwi.”

“Mficha uchi hazai, shangazi.”

Bi Sitara alirudi Lindi na habari zake za mchumba.

Mizizi ya Hajira ilitupwa jalalani. Kwenye ukuta wa kibanda, Ridhiwani huchora mstari wa mkaa kila asubuhi. Leo imefika themanini na mmoja. Siku ya tisini atapima tena, na Hajira amesema watakwenda wote.

Na majibu yakiwa yaleyale?

Anaukung'uta mpini wake mrefu, mafuta yanadondoka karaini.

“Nitapima tena. Mungu akitupa mtoto, sawa. Asipotupa, watu watasema Ridhiwani hazai. Jina la mke wangu walitoe midomoni.”