Sahihi ya Mama Kahindo

Kuna asubuhi moja, nilipokuwa naishi mtaa wa Majengo, ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu nimeona umeshusha mbao uani kwako, nawe unasema ni za banda la kuku.

Nilikuwa bado kijana, nimeolewa juzijuzi, mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Parseli yetu, kiwanja tulichojengea, ilikuwa mawe matupu, yale meusi ya volkano. Kipande kimoja tu kando ya ukuta wa jirani ndicho kilichokuwa sawasawa, na hapo ndipo nilitaka kujenga. Upande wa pili, karibu kabisa na ukuta, palikuwa na dirisha la chumba cha Papa Paluku, fundi cherehani mwenye pumu, na mke wake Mama Kahindo.

Shefu wa avenyu yetu, kiongozi wa njia tuliyokaa, muzee mpole, alinieleza sheria bila haraka: banda likae mbali na nyumba za watu, nafasi ikikosekana, jirani akubali kwa maandishi, kisha biro ya kartie, ofisi ya mtaa, ipige muhuri.

"Enda umuone Mama Kahindo," akaniambia. "Ni mutu wa kusikilizana."

Sikuenda. Wiki ile tulikuwa tumegombana kwa sababu ya maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati letu na kuingia kwao, na niliona aibu kumwomba kitu. Nikachukua kalamu, nikaandika jina lake, nikatia na sahihi yenye mikunjo mizuri kama ya mwalimu. Biro wakapiga muhuri. Wangejuaje?

Nikaingiza kuku ishirini. Kabla ya mwezi kuisha, harufu na vumbi la manyoya vilikuwa vimejaa kwa jirani. Ndipo asubuhi ile niliyokutajia Mama Kahindo alipokuja, amefuatana na shefu.

"Mama, muzee yangu hawezi tena kufungua dirisha," alisema. "Anakohoa mpaka anakaa chini. Tunaomba usogeze hii banda."

Nikaingia ndani, nikatoka na karatasi yangu, nikampa shefu kwa maringo, nikiamini muhuri utashinda neno la jirani. Alisoma, akashangaa.

"Lakini Mama Kahindo, ulikubali. Ulisinya hapa."

Mama Kahindo akatazama pale kidole cha shefu kilipokuwa. "Miye?" akasema taratibu. "Miye sikusomaka, papa. Ku biro naweka kidole tu."

Shefu akanitazama, akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Hii inaenda ku komine, kwa wakubwa," akaniambia, "na wewe utaifuata."

Aliyemzuia ni Mama Kahindo mwenyewe. Alimtazama mtoto mgongoni mwangu, akasema, "Hapana, papa. Ako na mutoto mudogo. Abomoe tu, inatosha."

Nikaahidi kubomoa kabla ya Jumapili.

Na hapa, mwanangu, ndipo penye aibu yangu kubwa, kuliko hata ile ya kalamu. Jumapili ilipita. Kuku walikuwa wameanza kutaga, na kusawazisha mawe mahali pengine ilikuwa kazi ya siku nyingi. Nikajiambia, wiki ijayo. Shefu alidhani nimekwisha kubomoa. Mama Kahindo hakurudi kuniuliza; tukikutana njiani alinisalimu, akapita. Mvua zikaanza, harufu ikazidi. Siku moja nikaona cherehani na magodoro yanapakiwa juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Walikuwa wanahamia Lac Vert, kwa mdogo wake Papa Paluku. Papa Paluku mwenyewe alitembea nyuma ya mizigo, akisimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi. Nilichungulia mlangoni. Sikutoka.

Banda nililibomoa kesho yake, wakati hapakuwa tena na mtu wa kunufaika.

Mwaka haukuisha, tukapata habari kwamba Papa Paluku amefariki. Nilikwenda msibani. Mama Kahindo alinipokea, akanipa kiti kama wageni wengine. Nilipomwomba msamaha, alikuja akaketi kando yangu.

"Nilikusamehe siku ileile ya karatasi," akasema. "Nilikuwa nangojea ubomoe."

Munganga wa hospitali alisema kifua cha Papa Paluku kilikuwa kimechoka tangu zamani, na sijui kama kuku wangu walimpunguzia siku. Ninachojua ni kwamba miezi yake ya mwisho pale Majengo aliishi dirisha limefungwa, na sababu ilikuwa mimi.

Basi mwanangu, kabla hujapiga msumari wa kwanza, nenda kwa jirani yako. Mwonyeshe mahali, mwambie ni kuku wangapi, muulize nani analala upande ule. Akikataa, tafuta pengine, hata kama utavunja mawe mwezi mzima. Karatasi ya kartie itafute pia, maana sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu kama Papa Paluku, lakini yaliyoandikwa humo yawe kweli. Na ukikosea, rekebisha siku hiyohiyo, wakati uliyemkosea bado yuko karibu. Mtu akikuvumilia, usidhani haumii.

Mungu abariki kazi ya mikono yako, kuku wako wazae, watoto wako wale washibe. Akupe majirani wema, nawe akufanye jirani ambaye watu watasikitika siku atakapohama.