Ukucha wa Mama Mkubwa

Wanawake wote wa shamba la mbegu humwita Mama Mkubwa. Kucha zake zote huzikata, isipokuwa ule wa kidole gumba. Jioni hupita kwenye mistari ya pamba, akapasua tumba la ua kwa ukucha huo, akakwangua chavua yote bila kuuumiza ulimi wa katikati unaopokea chavua, kisha akalifunga uzi mwekundu wa alama ili asubuhi ua lipakwe chavua ya pamba nyingine. "Tulia, mwanangu, tumemaliza," huliambia ua, na Sugunamma, anayefanya kazi mstari wa pili, humcheka kila siku.

Siku wakulima wa mbegu walipomtuza kwa utumishi wake wa miaka mingi, walimvika shali na shada la maua mekundu, yale yanayofanana na ya pamba. Mwenye shamba akahutubia: macho ya Mama Mkubwa yamechoka, sasa akapumzike. Yeye alimsikiliza kwa adabu, uso mbele. Sugunamma ndiye aliyeona unga wa manjano wa chavua ukimdondokea mapajani. Vidole vya Mama Mkubwa vilikuwa vimeshapita shada zima, ua baada ya ua, na hakuna ulimi hata mmoja uliovunjika.

"We Mama Mkubwa! Umeyafanya nini maua ya watu?"

Akatazama chini, akashtuka, akaziba mdomo kwa shali.

"Maskini mie. Suguna, sasa nani atayapaka kesho asubuhi?"

Safari hii Sugunamma hakucheka. Alifungua pindo la sari yake, akatoa uzi mwekundu, akaanza kuyafunga moja moja.