Nafasi Aliyoachiwa Dada Kochi

Mtaani walimwita Dada Kochi, na jina lilimkaa sawasawa, maana hakuna kochi lililochanika sehemu zile ambalo halikupita mikononi mwake. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, sponji zimerundikwa mpaka darini, na yeye katikati na sindano yake ndefu, misumari mdomoni. Ukimuuliza kitu wakati huo, alikujibu kwa nyusi. Hakuolewa, na msinianze na maswali. Mama yake macho yalikuwa yamefifia, alihitaji mtu wa kumshika mkono, na kaka mtu alikuwa na bendi yake, leo huku, kesho kule.

Kaka huyo ndiye aliyekuwa mboni ya jicho la mama. Alikuwa na sauti, jamani, tusimnyime haki yake. Alipofariki aliacha gitaa moja na kanda moja, basi. Na kanda yenyewe ilikuwa nusu nusu. Siku ya kurekodi mpiga solo hakutokea, wakapiga hivyo hivyo: ngoma, besi, gitaa la rithimu, na kaka akaimba beti zake tatu. Halafu waliacha nafasi ili solo ije kuwekwa baadaye, kisha kaka akarudi na ubeti wa kufungia. Solo haikuwekwa kamwe. Kila Jumapili mchana mama aliwekewa kanda ile, akaisikiliza ameinamisha kichwa. Sauti ya mwanawe haikuwepo mahali pengine popote duniani.

Dada Kochi alianza gitaa kwa kukereka tu. Ile nafasi tupu ilimuudhi, kama kochi lililorudishwa kwa mwenyewe likiwa na mto mmoja pungufu. Akakariri solo za redioni, akawa anazipachika pale akiwa peke yake karakanani baada ya chakula cha mchana. Ovyo kabisa! Hajafika popote, kaka anaingia na ubeti wake, anamkata kauli kama alivyokuwa akimkata mezani walipokuwa wadogo.

Mwisho alimwendea Mzee Besi. Huyu ndiye aliyepiga besi kwenye kanda ile, na ndiye pekee wa bendi aliyekuwa bado hai. Alikuwa anachonga funguo kwenye kibanda kando ya barabara, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko tupa zake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umejifungia nje?”

“Hapana. Nataka kujifunza solo. Si ya kukariri, ile inayokuja yenyewe.”

“Inakuja yenyewe, nani kakudanganya?” Mzee alipuliza unga wa chuma mezani. “Mwimbaji kasema neno, wewe unamjibu. Ukikosa la kumjibu, nyamaza. Usitujazie kelele.”

“Nitamjibu vipi na gitaa halina maneno?”

“Una mambo moyoni, huna?”

“Ninayo.”

“Basi. Nipishe, kuna mteja.”

Kesho yake mchana Dada Kochi alifunga mlango wa bati, akaweka kanda. Kaka aliimba ule ubeti wa tatu, wa kumwambia mama asilie, safari ni fupi. Nafasi ilipofika, dada mtu hakukimbilia nyuzi. Aligusa uzi mnene, mara moja. *Fupi kwako.* Akangoja. Akagusa tena, akashuka taratibu, vidole vikatafuta njia vyenyewe, na kwa mara ya kwanza kitu kilichotoka kilikuwa chake. Kilinoga mpaka akacheka peke yake. Alipomaliza ndipo kaka akaingia, na Dada Kochi akafikiri labda siku zote hizo ni yeye aliyekuwa anachelewa kuanza.

Lakini siku iliyofuata nafasi ilikuwa ndefu zaidi. Na iliyofuata tena. Alipiga habari za ndoo za maji na za wachumba waliochoka kungoja, na kaka alitulia tu, hakumkata. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye alifurahi, na mimi simlaumu, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumpisha aseme.

Jumapili moja mama aliinua kichwa kabla kanda haijaisha.

“Mbona leo kaimba beti mbili? Ule wa kuniambia nisilie uko wapi?”

“Redio hii imezeeka, mama. Inaruka.”

“Itengeneze basi. Wiki ijayo uniwekee yote. Mwenzio sina kingine.”

Dada Kochi aliisikiliza kanda ile upya. Haikuruka hata kidogo. Urefu ulikuwa ule ule, ila pale palipokuwa na ubeti wa tatu sasa bendi ilikuwa inapiga tu, inangoja. Alijaribu kuinasa kwa simu ili aokoe kilichobaki. Simu ilitoa mvumo mtupu. Akaibeba redio mpaka kwa Mzee Besi.

Mzee alisikiliza huku akichonga. Kisha mkono ukasimama. “Zima,” alisema. “Zima, nakwambia!”

“Ni nini, mzee?”

“Kaka yako hakuwahi kumkata mpiga solo aliyenoga. Alikuwa anarudi nyuma, anampisha. Akiona mtu bado ana la kusema, alimeza hata ubeti wake.” Alimtazama kwa huruma, na huruma ya mzee yule ilitisha kuliko ukali wake. “Anakupisha, binti yangu.”

“Lakini hii ni kanda!”

“Ndiyo, ni kanda.” Mzee alikunjua mkono wa kushoto juu ya meza. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba, na mistari ya nyuzi imejichora juu yake. “Miaka na miaka sijagusa besi. Vinaniuma tangu ulipokuja siku ile. Nikasema ni tupa. Acha kupiga, mwanangu. Acha kabisa.”

Akaacha. Alilitundika gitaa juu ukutani, akarudia misumari yake. Siku ya tatu akaiweka kanda bila kupiga, apate tu kuhakikisha. Beti mbili zilikuwepo. Halafu ikaja nafasi, bendi ikazunguka, ikazunguka, na kaka hakurudi. Dada Kochi aliweka sikio karibu na redio. Katikati ya ngoma alisikia mtu anapumua polepole, karibu kabisa na maiki, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize. Akalitoa sikio haraka. Na juu ya hofu yote hiyo alijikuta anatamani kuijibu ile pumzi. Aliona aibu, lakini mikono ilikuwa imeshalitungua gitaa.

Kufikia Jumamosi hapakuwa na ubeti hata mmoja. Alilia akiwa amekaa sakafuni kati ya sponji. Kifo kilishamnyang'anya mama yake mwana, na sasa yeye alikuwa amemnyang'anya mara ya pili, kisa ni utamu wa kusikilizwa.

Jumapili mama alishikwa mkono, akaketishwa kwenye kochi lake. Dada Kochi alikuwa ameazimia kusema ukweli. Badala yake akaweka kanda, akakaa kwenye kigoda na gitaa mapajani. Ngoma zikaanza, besi ikafuata. Mahali pa kaka palikuwa patupu.

Akapiga. Hakukusudia kumwiga mtu. Alipiga kwa sababu kimya kile hakikuvumilika. Alipiga habari za miaka yake yote ndani ya nyumba ile, tangu mwanzo wa kanda mpaka mwisho, na kila alipodhani ameishiwa, kitu kingine kilikuja. Midomo ya mama ilikuwa inachezacheza, kama ya mtu anayefuatisha maneno. Redio ikajizima yenyewe, tap.

Mama alijifuta machozi kwa kiganja. “Leo ameimba kuliko siku zote.”

Dada Kochi aliinama kuelekea kwake. “Ameimba nini, mama?”

“Umekaa hapo hapo na hukusikia? Amekutaja wewe. Eti wewe ndiye uliyebaki. Eti kila Jumapili nakaa na wewe chumba kimoja nikimlilia yeye, na hata siku moja sijakwambia ahsante.” Mama aligeuza macho yake mafifu upande wa kigoda. “Ni kweli hayo anayosema kaka yako?”

“Ni kweli, mama.”

“Sasa mbona hukuniambia mwenyewe, mwanangu, mpaka marehemu atoke huko aliko aje kunisema?”

Dada Kochi alilaza gitaa sakafuni, akahamia kwenye kochi, akakaa karibu naye.