Nyota za Marashi

Shemeji yangu ananuka. Nalisema mimi ninayempenda, kabla hajalisema mwingine. Anaendesha gari la kunyonya maji taka, na harufu ya mashimo ya vyoo haiogopi sabuni. Imeingia kwenye kucha, kwenye nywele, mpaka kwenye shati la Jumapili. Mtaani wamembandika jina la Marashi. Wakimwona anakuja wanabana pua, wanatema mate, wanavuta watoto wao ndani. Kinachonitia kinyaa mimi si harufu yake. Ni wao. Kinyesi ni chao, nepi na matambaa wanatupa shimoni wao wenyewe, shimo likifurika wanampigia simu kwa sauti ya kulia, na akifika wanamwelekeza kwa kidole wakiwa wamegeuka upande wa pili. Nyani haoni kundule.

Akirudi kazini huoga uani, maji mengi, mara mbili. Kisha huingia kwenye kachumba kalikokuwa stoo, anawasha kompyuta aliyoiokota ofisi moja ilipokuwa ikitupa vitu vyake, na kuanzia hapo hayupo tena nasi. Yuko angani. Naujua mchezo huo kwa sababu cherehani yangu iko humo humo, tunagusana viwiko. Una nyota nyingi kupita kiasi, na nyingi kati yake hakuna mchezaji aliyewahi kuzifikia. Ukifika wa kwanza unaipima nyota na sayari zake, lakini vipimo vinabaki chomboni mwako. Ni mpaka uvifikishe kituo cha nyumbani ndipo jina lako linaandikwa kwenye nyota ile, na kila atakayepita baadaye atalisoma. Chombo kikilipuka njiani, ndiyo basi. Unaamka kituoni mikono mitupu, utadhani hukutoka.

Marashi aliamua kwenda ukingo wa mbali kabisa, kule nyota zinakoishia. Chombo kilitakiwa kiwe chepesi ili kiruke mbali, kwa hiyo aling'oa silaha zote, akang'oa na ngao. Alisafiri miezi mitano, kila siku baada ya kuoga, akichota mafuta kwenye miali ya jua hili na lile kwa uangalifu wa mtu anayepita kando ya shimo lisilo na kifuniko. Nikimtania, "Shemeji, hujafika tu mbinguni?" hujibu, "Nimefika, malaika wamebana pua." Tunacheka mpaka dada, mkewe, anatugongea ukuta.

Jina lake la mchezoni pia lilikuwa Marashi. Nilimuuliza kwa nini alibebe tusi la watu mpaka huko.

"Huko si tusi," alisema. "Huko mtu hanijui. Atafika, ataona Marashi alitangulia, atasema, huyu bwana ni mtu kweli."

Hicho tu ndicho alichokitaka.

Mimi nilikuwa na mchumba. Muuza simu, mtanashati, viatu unaweza kujitazama. Akija kwetu alikaa karibu na mlango, kitambaa puani, akisema ana mafua. Mafua gani ya mwaka mzima? Dada alisema atazoea, tumpe muda. Basi Jumapili moja akasikia Marashi yuko safarini, na kumbe naye anaucheza mchezo huo huo. Akanyanyuka, akaingia stoo. Marashi alikifuta kiti kwa mkono, akakifuta tena kwa shati, na mchumba wangu akakaa. Walikaa bega kwa bega alasiri nzima, bila kitambaa. Dada alinifinya jikoni kwa furaha.

"Mwanyumba, wewe ni kichwa," mchumba wangu alimwambia Marashi. "Unarudi lini? Kituo kipi?"

Marashi akamweleza yote. Mchezo ule unakuruhusu kuruka peke yako usionane na mtu, na ndivyo alivyosafiri siku zote. Mchumba wangu akatikisa kichwa.

"Utaingiaje nyumbani kimya kimya kama mwizi? Siku ya kufika ingia uwanja wa wazi, wenye wachezaji wote. Nitakuja na chombo changu cha vita nikupokee, nikusindikize mpaka ndani."

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Marashi aling'aa.

Siku ya siku dada aliacha nguo kwenye beseni akaja kutazama, mara yake ya kwanza. Kituo kikaonekana, kidogo, kinawaka taa. Marashi alikuwa anatafuta chombo cha mwanyumba wake. Kilichotokea ni kingine, cheusi, chenye jina tusilolijua, kikamkalia njiani. Aliandika haraka, vidole vikigongana: "Ndugu, sina silaha. Nimetoka mbali. Nakuomba nipite."

Hakupita. Moto ulijaa kwenye kioo, kisha kompyuta ikamuuliza kama angependa kuanza upya. Alizima. Alitoka nje akaliosha gari ambalo alikuwa ameshaliosha. Mchumba wangu alipiga simu akijuta, eti mtandao ulimkatikia, na nilimsikia Marashi akimbembeleza: "Usijilaumu, mwanyumba. Ungefanyaje?"

Juma lililofuata nilimpelekea mchumba wangu suruali yake niliyoipunguza. Nilimkuta dukani na wenzake wawili, vichwa vyote juu ya simu moja, wanakufa kwa kicheko. "Nakuomba nipiteee!" mmoja alikuwa akiigiza, amejibana pua. Nikaiangalia simu. Video ilichukuliwa kutoka ndani ya chombo cheusi.

Hata hakuona haya. "Aa, mpenzi, ni mchezo tu. Nina majina mawili, mwenyewe hajui."

"Kwa nini?"

"Miezi mitano yote, halafu puu! Hujui utamu wake wewe."

Alisogea anishike bega. Alikuwa ananukia vizuri sana. Nimeishi na harufu ya vyoo vya mji mzima, nimekula nayo, nimelala nayo, na sijatapika hata siku moja. Siku hiyo nilifika kwenye mtaro wa mbele ya duka lake nikatapika mpaka nyongo. Pete niliiacha juu ya suruali.

Jioni nilimwambia dada kwamba harusi hakuna. Marashi alitusikia kutoka uani, akaja akasimama mlangoni, maji yanamtiririka, hataki kuingia.

"Kama ni kwa ajili yangu, shemeji," alisema, "siku za wageni mimi naweza kulala kwenye gari. Mwambie hivyo."

Nikamwambia ukweli wote, kwa hasira, bila kupunguza: chombo cheusi, majina mawili, kicheko cha dukani. Nilingoja atukane. Nilingoja aulize habari za nyota zake. Alijikuna kiganja.

"Kumbe siku ile alipokaa karibu yangu, ilikuwa kwa ajili hiyo?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mimi nilimwambia dada yako," alisema, "labda siku hizi nimepungua kunuka."