Nani Anamrudisha Gideoni?

Cuthbert hakuziamini gemu mpya, wala watu wanaozipenda. "Gemu inakusifia kabla hujafanya lolote," aliwaambia wateja wa kibanda chake cha gemu pale Newala, "kama yule mnunuzi wa kangomba, wa magendo, anayekuchekea korosho zikiwa bado maua." Alizoziheshimu ni za zamani. Gemu ya kuruka haina unafiki: shimo ni shimo, ukitumbukia lawama ni ya dole gumba lako. Na gemu ya safari, ile ya kuongoza kikosi kijiji hadi kijiji ukiuliza habari na kuokota panga, aliiweka juu ya zote, ingawa vijana waliofuata mpira walimwona ana matatizo.

Kiongozi wa kikosi hicho aliitwa Gideoni. Kaka yake Cuthbert ndiye aliyempa jina hilo, lake mwenyewe, akamfikisha hadi lango la ngome ya adui, akaseivu safari kwenye memori kadi, akaugua, akafa. Kadi ni hiyo moja tu. Tangu hapo Cuthbert huwasha kila asubuhi, anamtazama Gideoni kasimama langoni, anazima. Hachezi. Akishindwa je? Akimfuta?

Sasa, asubuhi moja Gideoni hakuwepo langoni. Alikuwa nyuma, jangwani, na dawa mfukoni zimepungua.

Cuthbert akamgeukia mkewe kwa jicho la mlinzi wa geti. "Yuster, umegusa hiki kitu?"

"Mimi nina mihogo ya kuanika, wewe una mizimu ya kuwasha. Usinichanganyie."

Wiki zilizofuata Gideoni akazidi kurudi: bandarini, kisha msituni. Hilo ndilo lililomkosesha Cuthbert usingizi. Mwizi gani anarudi nyuma? Mwizi mwenye akili zake angeingia ngomeni kutafuta hazina. Kila alivyopiga hesabu, jibu likawa Nurdin, fundi simu wa mlango wa pili, mtani wa ukoo wao, anayeachiwa funguo za kibanda kila Cuthbert anapokwenda Masasi kutafuta pedi za kuchezea.

Basi akaaga kwa sauti ya mnadani, "Naenda Masasi!", akazunguka nyuma ya mashine ya kusaga, akarudi. Akamkuta Nurdin na pedi mkononi, ulimi nje.

"Mwizi wewe!"

"Mwizi ni wewe unayemfungia marehemu nje." Nurdin hata hakugeuka. "Nani aliingia kaburini kumpokea Gideoni?"

"Wewe."

"Nani alijigaragaza mbele ya waombolezaji mpaka mama yenu akacheka, akanywa uji?"

"Wewe, mpuuzi."

"Basi kazi ya mtani haijaisha. Mtu yuko ugenini, mlangoni kwa adui, nanyi mmemwacha asimame miaka! Namrudisha kijiji alichoanzia."

Cuthbert akaukagua mfuko wa kikosi. Kichupa kimoja cha dawa. Kati yao na kijiji kuna daraja, na darajani kuna joka.

"Ulikuwa unakwenda kumuua, Nurdin."

"Njia siijui. Nikikuuliza ungeniambia?"

Asingemwambia. Akavuta stuli, akakaa karibu mno, kama karani anayemsimamia mpimaji wa korosho mizanini. "Acha daraja. Shuka mtoni, pana kivuko. Polepole! Usipigane na mtu."

Wakafika. Nurdin akamsimamisha Gideoni mbele ya nyumba ya kwanza kabisa, akauliza, "Niseivu?"

Cuthbert akamtazama Nurdin usoni kwanza, kisha vidole.

"Seivu. Na usitikise meza," akasema, na hakupepesa macho mpaka kadi ilipomaliza kuandika.