Nilimtoa Kwenye Grupu kwa Ajili ya Uchaguzi wa Wamarekani

Kosa ni langu, na naomba nisitafutiwe udhuru. Mke wangu alishajaribu kunitafutia akashindwa, na yeye ni mtu mwenye huruma.

Jina langu silitaji. Nina miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Unguja, nakaa Hounslow, na kazi yangu iko hapo hapo uwanja wa ndege, ofisi ya mizigo iliyopotea. Mtu anakuja ananitukana kwa sababu begi lake limekwenda Dubai na yeye amekuja London. Namwambia, pole sana bwana, naelewa, tafadhali jaza fomu hii. Miaka yote hiyo sijamjibu abiria vibaya hata mara moja. Nayasema haya mjue kwamba adabu ninayo, ila nilikuwa naimaliza yote kwa wageni.

Rafiki yangu nitamwita Salum. Si jina lake. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani tukiwa wadogo, tukaja London mwaka mmoja, tukakaa chumba kimoja miaka minne na sufuria moja baina yetu. Sasa yeye ni dereva wa basi na amehamia Tottenham kwa binti yake. Hata hivyo kila siku tulipigiana simu. Watu walikuwa hawamwaliki mmoja bila ya mwenziwe.

Sisi watu wa mtaa wetu tulio huku tuna grupu la simu, na admini ni mimi. Lilianzishwa kwa kutangaziana: nani mgonjwa, nani anaoza binti, na zaidi ya yote nani amefariki. Sisi maiti hatumweki siku nyingi, na mji huu ni mkubwa. Bila ya grupu mtu atazikwa Jumatano wewe usikie Ijumaa. Hilo nilikuwa nalijua kuliko yeyote, maana matangazo yote nilikuwa nayaandika mimi.

Basi ukafika uchaguzi wa rais wa Marekani.

Katika grupu letu hakuna Mmarekani. Hakuna mwenye kura huko. Mimi sijawahi kufika. Salum alifika Kanada mara moja, harusini, siku tano, na safari hiyo alikuwa akiitoa kama ushahidi. Lakini kila mmoja alikuwa na mgombea wake, na ukimgusa mgombea wa mtu ilikuwa kama umemgusa mama yake. Salum alikuwa na wake, mimi na wangu.

Nikaona mambo yanaelekea pabaya, nikaandika masharti. "Ndugu zangu, kutofautiana si ugomvi. Tujadiliane kwa heshima. Hoja ijibiwe kwa hoja. Atakayevunja adabu atatolewa." Watu wakanipongeza. Salum akaandika, "Maneno ya hekima haya, ahsante admini."

Siku nane zilikwenda vizuri. Siku ya tisa Salum akaniuliza swali. Mgombea wangu alikuwa ameahidi jambo fulani, naye akauliza: alipokuwa na nafasi ya kulifanya, mbona hakulifanya?

Lilikuwa swali zuri. Nilikaa nalo tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri nikilitafutia jibu. Jibu halikuja. Nikaandika hivi: "Wewe ni dereva wa basi. Kazi yako ni kufungua mlango na kuufunga. Siasa za dunia tuachie sisi tunaosoma."

Tunaosoma! Mimi, ninayesoma vibandiko vya mabegi!

Salum akajibu: "Sawa ndugu yangu, mlango nitaufungua. Lakini swali langu bado hujalijibu." Grupu zima likaangua kicheko.

Lau angenitukana ningemsamehe. Alikuwa na adabu mbele za watu, kwa masharti niliyoyaandika mwenyewe, na hilo ndilo lililonichoma. Nikalibonyeza jina lake nikamtoa. Kisha nikaandika, "Ametolewa kwa kuvunja masharti." Hakuna aliyeuliza sharti gani. Walidhani tunataniana, tutarudiana kesho yake kama kawaida yetu.

Binti yangu, aliyezaliwa huku na kila nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, aliniuliza kama nimepata uraia wa Marekani bila ya kuwaambia. Nikamwambia anyamaze.

Uchaguzi ukapita. Mgombea mmoja alishinda, mwengine akashindwa, na hakuna kati yao aliyetupigia kutushukuru. Mimi nikawa nangoja Salum aombe kurudi. Niliamini kwamba atakayepiga simu mwanzo ndiye atakayekuwa amekosea. Wiki mbili zikapita simu zetu zimenyamaza.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Alikuwapo mama mmoja hapa Hounslow, nitamwita Bi Zuwena. Salum alipozaliwa kule Unguja, mama yake alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Bi Zuwena alikuwa jirani yao na ananyonyesha binti yake, Raya. Akamchukua Salum akamnyonyesha pamoja na wake. Kwa dini yetu hao ni ndugu, wamenyonya ziwa moja, na Bi Zuwena akawa mama yake Salum sawasawa na aliyemzaa. Mumewe alishafariki, na mtoto wa kiume wa kumzaa hakujaaliwa. Raya naye ni mjane, ana binti mmoja ambaye hajaolewa.

Mwanamke wetu akizikwa, anayemteremsha kaburini ni maharimu wake: mume, mwana, ndugu. Katika London nzima Bi Zuwena alikuwa na maharimu mmoja tu. Alilisema mara ngapi sijui, akiwa mzima na akiwa mgonjwa: "Mie nikifa Salum ndiye wa kunishusha. Msinitie mikononi mwa watu."

Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, kitandani. Raya akanipigia mimi. Simu yake ilikuwa haitui kwa watu wa Unguja, maji ya kuoshea yanatafutwa, daktari anangojwa. Akaniambia, "Kaka, nakuachia wewe watu. Na kaka Salum mwambie mwanzo, kabla ya mtu yeyote."

Nikatangaza kwenye grupu.

Naam. Nilijua kwamba Salum hayumo. Nilimtoa kwa kidole changu mwenyewe, nisahau vipi? Nilijiambia habari mbaya haina miguu lakini inafika. Mtu atamwambia. Pale Tottenham kuna watu wetu.

Jioni nyumba ilijaa, Salum hayupo. Raya alitoka chumba cha wanawake akaja mlangoni, macho mekundu. "Kaka Salum mbona simwoni? Hebu nimpigie mwenyewe." Akaanza kutafuta namba.

Nikamzuia. Nikamwambia, "Pumzika dada, nitampigia mie."

Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi, nikalifungua jina lake. Yarabi, nilikuwa nimeshalifungua! Nikafikiria nitaanzaje. Nikafikiria atasema, "Leo umemkumbuka dereva wa basi?" Nikairudisha simu mfukoni, nikajiambia nitampigia asubuhi. Nilipoingia Raya alinitazama tu, bila ya kuuliza. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Kuitikia huko kwa kichwa ndiko ninakokuungama leo.

Asubuhi sikupiga. Ningetaka kusema kwamba nilishughulika. Kweli zilikuwapo karatasi za mazishi, na gari ya maiti, na mtu wa makaburi aliyetaka saini. Lakini baina ya karatasi na saini nilikunywa chai mara mbili.

Tukasali baada ya adhuhuri, tukaenda makaburini. Ilikuwa Novemba, udongo umelowa, na msimamizi wa pale ametuambia lango linafungwa saa kumi. Jeneza likawekwa. Imamu akauliza, "Maharimu wake nani?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Salum." Mwengine akasema, "Yuko njiani labda." Wote wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nikijua habari zake siku zote. Raya alikuwa ndani ya gari, kioo kimeteremshwa, anaangalia lango.

Tulingoja nusu saa. Msimamizi akawa anaangalia saa yake. Imamu akasema maharimu akikosekana washuke watu wema, wanaoaminika. Kisha akanishika bega. "Shuka wewe. Wewe na Salum si mtu mmoja?"

Nikashuka! Mtu mwema, anayeaminika! Nikampokea Bi Zuwena mikononi mwangu, na watu wawili wengine, nikamlaza ubavu wa kulia, nikamfungua vifundo vya sanda. Juu watu wanasoma, na mimi chini naomba ardhi inifunike pamoja naye.

Salum alipata habari jioni ile. Alimaliza zamu, akaingia duka la mtu wetu mmoja Tottenham kununua mkate. Mwenye duka akamwambia, "Pole na msiba, bwana. Leo tumekukosa makaburini." Salum akauliza, "Msiba wa nani?"

Hayo nilihadithiwa baadaye na mwenye duka. Alisema Salum aliuweka mkate juu ya kaunta akatoka.

Alifika kwa Raya akiwa na sare yake ya kazi. Tulikuwa tunasoma hitima. Alitupa mkono sote, na mimi akanipa, akakaa. Raya akaja akasimama mbele yake, mbele ya watu wote. "Kaka, ulikuwa wapi?"

Salum aliniangalia. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, mdomo ninao, ulimi ninao. Ilikuwa neno moja tu na kila kitu kingekaa sawa. Sikulisema.

Salum akamjibu, "Nilikuwa kazini."

Raya akageuka akaingia ndani. Tangu siku ile hajamwitikia salamu.

Jumapili nilipanda treni mpaka Tottenham. Salum alinifungulia, akanitengea chai. Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi."

"Kaa kwanza. Nani kashuka?"

"Mimi."

Alichukua kikombe chake. "Haya, n'ambie alivyolala."

Nikamwambia.

"Vifundo ulivifungua vyote?"

"Vyote."

"Na cha miguuni? Watu husahau cha miguuni."

"Na cha miguuni."

"Alikuwa mzito?"

"Hakuwa mzito, Salum."

Akakiweka kikombe chini akalia. Nimekaa na mtu huyu chumba kimoja miaka minne, habari ya kifo cha baba yake aliipokea mbele yangu, na sikupata kumwona akilia. Nami nikalia. Wazee wawili, chai inapoa.

Tulipotulia nikatoa simu. Nikamwambia, "Nakurudisha kwenye grupu sasa hivi."

"Usinirudishe. Mie n'likuwemo humo kwa tangazo moja tu. Lishapita."

"Basi nakwenda kwa Raya, namwambia ukweli."

"Usende. Karatasi zake za nyumba anamfanyia nani? Wewe. Hospitali anampeleka nani? Wewe. Leo akukose na wewe, abaki na nani? Mwache akasirike na mie. Mie n'naweza kubeba."

Sikubishana naye. Kuna mtu anayeshukuru akikatazwa kufanya jambo gumu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Miezi imepita. Sikukuu Salum alileta sahani ya biriani kwa Raya, akaiacha mlangoni kwa binti wa nyumba. Mimi nilikuwa ndani, nimekaribishwa, nimewekewa mto wa mgongo. Raya aliitazama ile sahani akaniambia, "Mtu kanyonya ziwa la mama yangu, kashindwa kuomba ruhusa kazini siku moja." Kisha akanishukuru kwa mara ya kumi kwa kumshusha mama yake. Akaniombea dua. Nikaitikia amin!

Kwa hiyo nawaonya. Bishaneni, hamna ubaya, mimi na Salum tulibishana miaka arobaini na tukala sahani moja. Lakini ukijiona unamtafutia rafiki yako neno la kumuumiza kwa ajili ya mtu wa mbali asiyekujua, zima simu ukale. Mkipewa dhamana ya kumtoa mtu na kumtia, jichungeni sana, kidole ni chepesi. Na ukinuna nuna, sote tunanuna, ila habari ya msiba ifikishe. Ifikishe hata kwa sauti ya kununa!

Najua kuandika hapa bila ya jina badala ya kwenda kugonga mlango ni woga. Nimejaribu mara tatu, na mara zote nilifika mlangoni nikapewa chai.

Ila wewe unayesoma gazeti hili kila wiki na kunikatia kurasa unazozipenda, ukifika hapa utakuwa umeshajitambua. Jina nimelibadilisha, mengine yote nimeyaacha. Jioni ile uliponitazama, nikaitikia kwa kichwa, sikuwa nimempigia. Kaka yako hakujua, dada. Alikuwa barabarani anaendesha basi, na mama yake anazikwa, na hakujua.